Jina la askari aliyeuawa vitani: litangazwe au libaki kambini?

Tarehe 26 Mei 2023 Al-Shabaab walivamia kambi ya askari wa Uganda waliokuwa chini ya Umoja wa Afrika huko Buulo Mareer, Somalia. Walijigamba mapema kwamba wameua 137. Rais Museveni alitaja idadi ya waliouawa, 54, tarehe 3 Juni. Siku zote hizo katikati, aliyekuwa na mume au mwana kule alibaki na simu isiyopokelewa na uvumi wa WhatsApp.

Wanaotaka jeshi linyamaze kwanza wana hoja nzito. Mlipuko huharibu miili, na kuitambua huchukua muda. Anayedhaniwa amekufa huenda ametekwa, na kumtangaza marehemu ni kumtupa. Mjane naye hapaswi kusikia habari redioni kabla afande hajafika mlangoni na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Tena jina likishatoka, matapeli huanza kupiga simu wakiomba "pesa ya kusukuma faili".

Lakini ukimya usio na mwisho humwachia adui kalamu. Na una gharama ya miaka mingi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na labda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo wapagazi wa Afrika Mashariki. Ubaguzi ulichangia, na kumbukumbu mbovu zikamalizia: jina lisiloandikwa leo hakuna fundi atakayelichonga kesho.

Kwa familia, hata hivyo, karatasi inayouma zaidi ni fomu ya ndugu wa karibu. Kijana huijaza akiingia jeshini, hana mke, anaandika baba au kaka. Baadaye anaoa, anazaa, fomu haiguswi. Akiuawa, faili linafunguliwa kwa jina la kaka, na fidia ya Umoja wa Afrika kwa askari aliyekufa Somalia, dola 50,000, inaanza safari kuelekea mkono ambao huenda haulishi watoto wale.

Kaka hataki kusikia kwamba kutajwa kwenye fomu hakumfanyi mmiliki wa mali ya marehemu. Sheria ya mirathi ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2022 inagawa mali ya asiyeacha wosia hivi: watoto asilimia 75, mjane 20, wategemezi wengine 4, mrithi wa kimila 1. Ndiyo, moja tu! Musika, yaani mrithi huyo wa kimila, anayesimikwa kwenye olumbe, sherehe ya kumaliza msiba huko Buganda, mara nyingi hudhani amekabidhiwa vyote.

Mjane aanze na barua ya LC1, kisha cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, na uthibitisho wa ndoa. Ndoa ya kimila nayo husajiliwa, kwenye kaunti ndogo, ila wengi hawakufanya hivyo. Halafu aende kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, ndipo mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi. Faili hukwama kwa vitu vidogo. Jeshini aliitwa Okello John, kitambulisho kinasema John Okelo: hapo itahitajika hati ya kiapo. Na wajane wawili wakijitokeza kila mmoja na wakili wake, tegemea kusubiri.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kutangaza, ila kwa mpangilio: familia iambiwe ana kwa ana, waliopotea watengwe na waliothibitishwa kufa, kisha orodha yenye jina, cheo na wilaya itoke. Orodha rasmi humpa mjane cha kuonyesha ofisini pale ukoo unapomkana. Isomwe pia kila Tarehe Sita, yaani 6 Februari, sikukuu ambayo jeshi tayari hukumbuka shambulio la Kabamba la 1981.

Fomu nayo ikaguliwe kabla ya kila kikosi kuondoka, askari akiwa amekaa mbele ya karani na kitambulisho mkononi, si kwa kuulizwa kwenye paredi kama kuna aliyebadilisha chochote. Askari mwenye nyumba mbili hatanyoosha mkono mbele ya wenzake.