Kidonge na Chai Havisalimiani

Jamani mtu anaweza kuchoka mpaka kope zikauma? Mimi nalala saa mbili usiku, taarifa ya habari ya saa tatu hata haijaanza, halafu saa kumi na moja asubuhi naamka kama mtu aliyekesha Gikomba akipakua mitumba.

Daktari alisema ni tezi ya thairoidi, hii ya hapa mbele shingoni, eti imekaa kama kipepeo. Yangu ni kipepeo wa serikali basi, anafanya kazi kama karani wa Ijumaa saa tisa, na mwili mzima uko kwa foleni unangoja stempu: moyo unaenda polepole, choo kinakuja kikipenda, ngozi kama imepigwa msasa, na baridi usiseme. Januari hii, jua linachoma, watu wako na vesti, mimi niko na jaketi na kofia ya mavini.

Nikaandikiwa dawa. Nilipoona mikrogramu 50 nikafikiri ni kitu, kumbe gramu moja ukiikata vipande milioni, mimi nalishwa 50. Sasa nimepandishwa mpaka 75. Na kadogo hako kana masharti kuliko mganga: unameza tumbo likiwa tupu, na maji tu, halafu chai ungoje saa nzima kwa sababu chai na maziwa vinazuia dawa isiingie vizuri mwilini. Mtu wa Umoja, asubuhi, bila chai ya maziwa! Hata tembe za madini ya kuongeza damu za mama watoto, akanionya daktari, nisije nikazimeza mimi, na nikizihitaji siku moja zikae masaa manne mbali na yangu.

Sasa shida si kungoja, shida ni kungojea wapi. Nameza kumi na moja kamili, nakaa kwa kochi ningoje hiyo saa, nafunga macho kidogo tu nipumzishe kope, nikifungua ni saa moja kasorobo, chai imeganda utando juu, watoto wameenda shule na mkate wote, na hapo ndo nakumbuka kuchelewa kazini.

Na kila mtu ni daktari. Jirani anasema ni minyoo. Keateka wa ploti anasema ni pombe, na mimi sijaonja tangu krismasi. Mamangu alipiga simu kutoka ushago akauliza kama nyumba yangu ina chumvi, nikamwambia mama chumvi iko na ayodini ya tezi iko, akanyamaza kidogo akauliza, basi nani amekuangalia vibaya? Bosi ndo amenimaliza: "Hata mimi huchoka." Sawa bosi.

Nimeambiwa nipime damu tena baada ya wiki sita, dawa hii haina haraka, ni kama fundi wa sinki. Kweli nimeona tofauti, siku hizi napanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu ndo nakaa chini, kitambo nilikuwa nakaa ya kwanza.

Lakini matatu bado inanishinda. Mimi hushuka City Stadium nitembee mpaka Indasria. Jana nimempa makanga nauli nikamwambia kijana, nikilala niamshe, wiki hii umenipitisha mara mbili. Akacheka, "Mzee kwani unapiga shifti ya usiku?" Nikavuta pumzi nimweleze mambo ya tezi toka mwanzo, na kabla sijafungua mdomo tulikuwa tumepita City Stadium, tumefika Muthurwa.