Gari lipo, abiria wapo, dereva hayupo

Mimi si mtu wa makuu. Nina stesheneri yangu Mbagala, chumba kimoja, mashine ya fotokopi inayokohoa kama mvuta kiko, na feni inayohamisha joto lile lile kutoka ukuta huu kwenda ule. Kazi zangu mnazijua: CV, barua ya kuomba kazi, kadi ya mchango wa harusi, kopi tano za cheti cha kuzaliwa. Habari za mifumo endeshi, ile programu mama inayoendesha kompyuta nzima kama Windows au Linux, sikuzitafuta. Zilinifuata dukani zikining'inia kwenye ufunguo wa bodaboda.

Flashi za wateja, jamani! Mtu anaingia, anatoa mfukoni flashi yenye maganda ya karanga, imeshapita stesheneri zote kuanzia Kongowe mpaka Mtoni Mtongani, halafu anakwambia, "Printi tu, iko humo." Ukichomeka, mafaili yote yamegeuka shotikati. Ukibofya shotikati, kwisha habari yako. Mteja wa pili anakuja na flashi nzima, anaondoka nayo ina homa, jioni anarudi kunitukana mbele za watu. Fundi wa mtaani ananipigia fomati kwa elfu 15. Kuna mwezi alipiga mara nne. Yule bwana amepaua nyumba, na mimi nikipita pale nazijua bati zangu.

Mtoto wa dada yangu yuko chuo mwaka wa pili. Alikuja likizo, akanikuta nimeshika tama.

"Anko, weka Linux," akasema. "Hivi virusi vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux vinabaki humo humo kwenye flashi, kama wageni wasiojua lugha."

"Bei gani?"

"Bure."

Hapo ndipo aliponipata. Neno bure halijawahi kunipita salama.

Akaanza kunipa historia. Kwamba mwaka 1991 mwanafunzi wa Ufini, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo huo kama mchezo wake wa jioni, akakiachia hadharani kila mtu akisome na kukirekebisha. Kwamba mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyejilipia nauli ya kwenda anga za juu, akatoa Linux ya kwao iliyoitwa Ubuntu, yaani utu. Na kwamba hao watu wa Ubuntu walikuwa wakikutumia sidii kwa posta, bure, mpaka mwaka 2011. Hilo liliniuma. Sanduku la posta nililipia miaka yote ile, na kila nikilifungua namkuta mende amekaa kama karani. Kumbe kuna watu wanagawa vitu bure duniani na mimi hawana anwani yangu!

Siku hizi sidii hakuna, unapakua mwenyewe. Faili la Linux Mint, ile Linux aliyonichagulia kijana, ni karibu GB 3. Bando langu likakata kwenye asilimia 93. Nikanunua jingine, likaanza upya. Bure ya kwanza hiyo, na hesabu naiweka.

Kompyuta yangu ya zamani ilishachoka, nikaona mfumo mpya uingie nyumba mpya. Nikaenda peke yangu kununua laptopu, maana mtoto wa juzi hawezi kunifundisha kununua. Nikaipata nyembamba, inang'aa, kompyuta mpakato kwelikweli, unaipakata kama kichanga. Muuzaji nikambana kwa maswali ya mtu mwerevu: RAM ngapi? Diski ngapi? Rangi nyingine ipo?

Linux ikaingia kwa dakika ishirini. Kioo safi, sauti ipo, kipanya kinatembea. Natafuta waifai, hakuna. Si kwamba iko chini. Hakuna, hata ile alama yake haipo, kana kwamba mashine haijawahi kusikia neno hilo.

Kijana akaangalia, akashusha pumzi. "Draiva hakuna, Anko. Ile programu ndogo inayoiambia Linux namna ya kukitumia kikadi cha waifai."

Dereva! Umewahi kukaa stendi saa kumi na mbili asubuhi? Gari lipo, mafuta yamo, konda ananing'inia mlangoni, abiria mmebanana mpaka kwenye ngazi. Dereva hayupo. Ukiuliza, "yuko njiani." Ndiyo laptopu yangu ile. Dereva anapatikana wapi? Kwenye intaneti. Intaneti naipata kwa nini? Kwa waifai. Waifai iko wapi? Inamsubiri dereva.

Ilibidi kijana aunganishe simu yangu kwa waya wa USB, laptopu inyonye bando kutoka kwenye simu, ndipo dereva akapakuliwa. Tukashangilia. Wiki mbili baadaye mfumo ukasasisha kiini chake, dereva akateremka tena kituoni bila kuaga.

Ikabidi nieleweshwe. Kile kikadi cha waifai ni kidogo kama stempu ya barua. Mwenye kiwanda akiandika dereva wa wazi, au akitoa maelezo ya kutosha wengine waandike, dereva yule anaingizwa ndani ya kiini cha Linux. Unawasha, inafanya kazi, huna habari. Akificha, watu wa kujitolea wanabaki wakibahatisha usiku kucha, na wewe uko Mbagala na simu kwenye waya. Torvalds mwenyewe, mwaka 2012, aliulizwa huko Ufini kuhusu NVIDIA, wale wa kadi za michoro. Akageukia kamera, akainua kidole cha kati, akatamka maneno ambayo siwezi kuyachapa hata mteja akinilipa. Siku ile nilimwelewa yule mzungu kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Laptopu nikamuuzia jirani kinyozi kwa hasara ya laki na nusu. Akaweka Windows. Inafanya kazi vizuri kabisa! Kila nikipita ananipungia mkono kwa furaha, na mimi nampungia, moyoni sisemi kitu kizuri.

Safari ya pili kijana hakuniacha niende na akili yangu. Waifai iwe ya Intel. Michoro iwe ile ile ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, "kwa sababu unachapa barua, Anko, hurushi ndege." Na nisinunue mashine ya juzi, kwa maana chipu ngeni kabisa Linux nayo huwa haijaizoea, ninunue ya ofisini iliyotumika. ThinkPad, Latitude, EliteBook. Hizo makampuni hununua kwa mamia, waandishi wengi wa Linux wenyewe ndizo wanazofungua asubuhi, na baadhi hutoka kiwandani na Linux ndani. Akanionyesha picha ya ThinkPad. Tangu IBM waitoe mwaka 1992, na hata baada ya Lenovo kuichukua mwaka 2005, sura ni ile ile: nyeusi, pembe nne, inafanana na sanduku la fundi bomba, na katikati ya kibodi kuna kichunusi chekundu. Ndiyo uzuri huo?

Lakini bei zimekaa vizuri, hilo nakiri. Windows 10 ilikatiwa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka, karibu zote, kuanzia kizazi cha 8. Basi huko ughaibuni mashine nzima, haina hata mkwaruzo, inaachishwa kazi kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa, inapakiwa kwenye kontena. Linux haiulizi umri.

Nikaingia Kariakoo na flashi yangu mfukoni, ndani ina Mint. Maelekezo yalikuwa mepesi: usinunue kabla hujaiwasha kwa flashi. Inawaka kutoka kwenye flashi yenyewe, diski yao haiguswi, unajaribu waifai, sauti, kamera, mwanga wa kioo, unaifunika ilale na kuifunua iamke.

Duka la kwanza: "Kijana, waifai yake ya kampuni gani?"

"Mzee wangu, waifai inashika mpaka ghorofa ya nne."

"Nauliza kampuni."

"Original."

Duka la pili nikatoa flashi. Muuzaji akaitazama kama mimi ninavyotazama za wateja. "Samahani mzee, flashi za watu hatuchomeki hapa. Zina virusi." Nikakosa la kusema. Maneno yale yamebandikwa ukutani kwangu, herufi kubwa, nimeyachapa mwenyewe.

La tatu wakakubali, lakini kuiambia mashine isome flashi kwanza ni kazi ya mpiga kinanda. Hii unabonyeza F12, ile F9, nyingine Esc, na unayo nusu sekunde tu kabla Windows haijakurupuka. Jaribio la sita likafaulu: BIOS, ile programu inayoamka kwanza kabla ya Windows, ikadai neno la siri. La nani? La ofisi iliyoiuza huko Ulaya. Mwenye kulijua pengine yuko Uholanzi anakula jibini, na mimi nimesimama Kariakoo na jua la saa saba. Muuzaji akasema, "Hiyo haina shida, mzee, usiingie tu humo." Ni kama kuuziwa nyumba ukaambiwa chumba cha katikati usikifungue.

Duka la nne nikaomba tuchomoe chaja tupime betri. Mashine ikazima pale pale. Unajua alisema nini? "Ni hiyo flashi yako."

Nilipofika la saba miguu ilikuwa imevimba. Kulikuwa na kijana mwenye udadisi, akaniachia kiti. ThinkPad ile ile ya kichunusi. Nikabonyeza F12, Mint ikawaka, nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika neno nililokariri tangu nyumbani kama dua, amri ya kuorodhesha vipande vilivyomo ndani ya mashine: lspci. Maandishi yakamwagika. Watu wakaanza kusogea. Mmoja akanong'ona, "Huyu mzee ni haka," na mwingine akahamisha simu yake kutoka mfuko wa nyuma kuja wa mbele. Mlinzi naye akaja kusimama nyuma yangu. Nikateremka kwa kidole mstari kwa mstari, jasho linadondoka, mpaka kwenye waifai. Intel! Nilipiga yowe la goli la dakika ya tisini. Mlinzi akarudi nyuma hatua mbili.

Nikamalizia na betri. Kompyuta yenyewe inakumbuka: ilizaliwa na uwezo wa kubeba umeme wa Wh 48, sasa ikijaa inafika 19. Nikamwonyesha muuzaji. Alikuwa anadai laki 6 na elfu 20. Tukavutana mpaka laki 5 na 70. Punguzo la elfu 50 kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kioo. Miaka yote nimekuwa nikipunguziwa kwa kusema nina watoto.

Nyumbani mama watoto akaizunguka. Kijana alikuwa amebandika mfunikoni stika ya yule pengwini, nembo ya Linux. "Baba watoto," akasema, "ile nyembamba uliuza kwa hasara, ukaongeza hela, ukanunua sanduku lenye bata?"

Sikujibu. Kazini nako hakukosi jambo. Programu ya kuandikia sasa ni LibreOffice, na herufi zile za mapambo hazikuja nayo. Wa kwanza kupata msiba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Kadi yake ilikuwa na maandishi ya kujikunja kama mizabibu. Kwangu ikafunguka kwa herufi zilizonyooka, baridi, unaalikwa kuchangia harusi unahisi unafukuzwa kazi. Ikabidi tukae jioni tukiongeza fonti moja moja. Halafu kijana akanibadilishia menyu ziwe za Kiswahili, akinitambia kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishaitafsiri OpenOffice, ile iliyoizaa LibreOffice, tangu mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice. Nikapotea kwa lugha ya mama yangu! Kwa Kiingereza nilikuwa sielewi lakini nilijua pa kubofya.

Ila waifai inashika. Nawasha, inashika. Kuna asubuhi nawasha bila kazi yoyote, naitazama tu inavyoshika.

Na virusi? Kijana alisema kweli. Flashi ikichomekwa, zile shotikati naziona zimekaa pale kama tanga msibani, na pembeni yake mafaili halisi ya mteja, yale ambayo virusi vilikuwa vimeyaficha Windows isiyaonyeshe. Nafuta uchafu, mafaili yamo, mteja anatokwa na machozi kwa sababu thesis yake imefufuka. Habari zikaenea. Sasa wanakuja hawaprinti. Wanapanga foleni mlangoni na flashi mkononi kama wako zahanati, mmoja alikuja na ya shemeji yake, mwingine anauliza kama Jumapili nafungua.

Juzi akaingia yule fundi wa elfu 15. Kofia ameishusha usoni, kwenye mfuko wa nailoni ana flashi saba za wateja wake. Akaziweka mezani taratibu, akakohoa, akaniuliza kwa heshima kubwa natoza kiasi gani.

Nikavuta kiti. Nikajikuna kidevu. Nilikuwa ndiyo nafikiria zile bati, mtoto wa dada akadakia kutoka nyuma ya fotokopi:

"Bure!"