Nani Alimuumba Mungu? Niliuliza Machame, Nikaulizwa Leipzig

Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la kipaimara, Machame, Kilimanjaro. Mwalimu alipomaliza kutukaririsha Imani ya Mitume akauliza kama kuna mwenye swali. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, nani alimuumba Mungu?" Nilipiga magoti mbele ya wenzangu mpaka kipindi kikaisha, na jioni habari ilikuwa imeshamfikia bibi. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, mengine hayaulizwi."

Miaka ishirini baadaye nimeulizwa mimi swali lile lile, saa nane usiku, kwenye chumba cha wauguzi cha nyumba ya kutunzia wazee hapa Leipzig, Ujerumani. Aliyeuliza ni mwenzangu wa zamu, mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Ujerumani Mashariki. Alikuwa ameniona nikimwombea mzee mmoja aliyekuwa akikata roho. Akasubiri tumalize kazi zote, akanimiminia kahawa kutoka chupa yake, ndipo akasema: "Mnasema kila kitu kina chanzo. Haya, chanzo cha Mungu ni nini?" Alitaka jibu kweli, na mimi sikuwa nalo. Nilimwomba anipe muda.

Kwetu sikuwahi kukutana na mtu anayesema hakuna Mungu. Mabishano niliyoyajua ni ya mihadhara ya uwanjani, Mkristo na Muislamu wakirushiana aya, na wote wawili wanakubaliana kwamba Mungu yupo. Hapa ni kinyume. Serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki ilifundisha kutoamini kwa miaka arobaini. Tarehe 30 Mei 1968 ililipua kanisa la chuo kikuu katikati ya mji huu, jengo zima ambalo hata vita haikuliangusha. Mwenzangu hakupata kipaimara. Alipata sherehe ya vijana ya serikali iliyowekwa badala yake. Na wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu huu! Nilipomwambia hivyo alinitazama muda mrefu. Hakuwa amewahi kusikia.

Basi nikaanza kusoma, nikiwa na aibu kidogo kwamba nilikuwa muumini miaka yote hiyo bila kuona haja.

Jambo la kwanza nililolikuta ni kwamba hoja yenyewe ya kuwepo kwa Mungu haisemi kila kitu kina chanzo. Mwanafalsafa Leibniz, aliyezaliwa hapa Leipzig mwaka 1646 na sanamu yake imesimama kwenye ua wa chuo kikuu, aliandika mwaka 1714 swali moja: kwa nini kuna kitu, badala ya kutokuwepo chochote? Nilimwekea mwenzangu kikombe mezani. Kikombe hiki kipo, nikamwambia, lakini kingeweza kutokuwepo. Mimi na wewe vile vile. Kilimanjaro, jua, nyota, vile vile. Kitu cha namna hiyo hakijitoshelezi, sababu ya kuwepo kwake iko nje yake. Na ukivirundika vyote pamoja, hata viwe havina idadi, bado hujapata kinachojitosheleza. Hoja inasema lazima awepo asiyeweza kutokuwepo. Swali la "nani alimuumba" linawahusu walioanza kuwa. Huyu hakuanza.

Baada ya wiki akaja na hoja ya Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza asiyemwamini Mungu, ambaye mwaka 1948 alijadiliana na padri Copleston kwenye redio ya BBC. Russell alisema kila mtu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama. Ulimwengu, alisema, upo tu, basi. Sehemu ya kwanza ina uzito na nilikiri hivyo, ingawa kuna sifa zinazotoka kwenye sehemu kwenda kwenye kitu kizima: ukuta wa tofali za udongo tupu ni ukuta wa udongo. Lakini ile ya pili nilimwambia nimeshaisikia, kwa bibi yangu. "Upo tu" na "mengine hayaulizwi" ni jibu moja. Alikaa kimya, akasema hilo atalifikiria. Nami ikanibidi nikiri upande wangu: hoja hii ikisimama, inanifikisha kwa aliye wa lazima. Haijanifikisha kwa Yesu wa Nazareti.

Niseme kidogo kwa ndugu wa mihadhara. Hoja ya kwamba kilichoanza kuwa kina chanzo, na ulimwengu ulianza, ilinolewa na Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Aliyeifufua kati ya Wakristo ni mwanafalsafa William Lane Craig, kwa kitabu cha mwaka 1979. Tuna urithi mmoja hapa, nasi tunapigania kipaza sauti.

Swali lililonishinda lilikuja mwezi wa pili wa maongezi yetu. Kaka yake mwenzangu alikufa kwa saratani ya damu akiwa na miaka saba. Kwa nini? Nilikuwa nimesoma Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, anayeonyesha kwamba Mungu mwema na kuwepo kwa uovu havipingani kimantiki, kwa kuwa kiumbe huru anaweza kuchagua vibaya. Ni hoja nzuri. Lakini mtoto yule hakuchagua kitu. Leibniz alisema huu ndio ulimwengu bora kuliko wote unaowezekana. Mwaka 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko likaiangusha Lisbon, mji mkuu wa Ureno, watu wakiwa makanisani. Sikuweza kumwambia mwenzangu habari za ulimwengu bora.

Nilimsimulia msiba wetu. Mdogo wangu alipofariki, watu walilala kwetu kwenye mikeka, kina mama wakapika, vijana wakachimba kaburi kihambani kati ya migomba. Hakuna aliyeleta nadharia. Hilo hapa silioni. Mzee akifa zamu ya usiku, mara nyingi tunaomfunika ni sisi wawili. Lakini mhubiri wetu alisoma Ayubu sura ya kwanza, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa", akafunga. Kitabu kina sura 42! Katikati yote Ayubu anabishana na Mungu, anadai jibu, na mwisho Mungu anawakemea rafiki zake waliomtetea Yeye kwa maneno mazuri, akisema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Mbona hayo hatuyasomi msibani?

Katekisimu ya Luther ya mwaka 1529 imejaa swali moja kila ukurasa: maana yake nini? Petro anataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, "kwa upole na kwa hofu". Tunao matarumbeta, tunao mnada wa mikungu ya ndizi na kuku kila baada ya ibada, kanisa linajaa mpaka watu wanakaa nje. Namwomba mwalimu wa kipaimara anayesoma hapa: mtoto akinyoosha mkono, usimpigishe magoti. Kama huna jibu, mwambie mtalitafuta pamoja. Atakuja kuulizwa na mtu, Dar au Dubai au Leipzig, na hapo hutakuwepo.

Zamu yetu nyingine ni Alhamisi. Mwenzangu ameniambia anakuja na hoja za mwanafalsafa Hume, mambo ya miujiza. Nimeshaanza kusoma.