Waliohamishwa bondeni nani anawauliza?

Hapa Uingereza mtu anaweza kukaa miaka asilijue jina la jirani wa ukuta mmoja. Lakini barabara ikichimbika mbele ya nyumba zao, wote wawili wanaliona shimo lile lile kwenye ramani ya FixMyStreet, tovuti ya kuripoti kasoro za barabarani iliyoanza 2007, pamoja na majibu ya halmashauri. Wiki zikipita, aliyeripoti anaulizwa: limezibwa kweli? Swali hilo la mwisho ndilo ninalolionea wivu.

Maana Dar watu wa kukusanya taarifa tunao. Mtaa wa Tandale ulichorwa ramani na wakazi wakishirikiana na wanafunzi mwaka 2011. Kuanzia 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mafuriko, ikaingia kata nyingi, vijana wakipita na simu wakiwauliza wenyeji maji hufika wapi, na ramani ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri.

Tunachokosa ni kurudi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya familia za bondeni zilipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sasa mradi wa kudhibiti mafuriko wa Bonde la Msimbazi unalipa fidia na kuhamisha wengine. Naunga mkono, nimekulia Kigogo, maji yale nayajua. Ila athari za uamuzi huo haziko bondeni tena. Anazo mama aliyezoea kwenda Kariakoo kwa miguu na sasa anapanda daladala mbili. Anazo mtoto aliyehamishwa shule katikati ya mwaka. Wametawanyika, na hakuna mjumbe mmoja anayewajua wote. Kwa watu kama hao, mtandao ndio baraza lililobaki: kila kaya ijaze kwa simu, bila majina, nauli, kodi, kipato na umbali wa shule, irudie kila miezi sita, na matokeo yaonekane na yeyote. Asiye na simu janja afuatwe nyumbani.

Wapo watakaoogopa sheria. Marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu ya Tanzania yaliwafanya wengi wasite kuchapisha takwimu zao, lakini 2019 masharti yalilegezwa.

Na ushahidi mwingi upo tayari kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa, picha kwa picha, ukifunikwa na salamu za asubuhi. Unahitaji tarehe, mahali na mtu wa kuupanga. Kazi hiyo sisi tulio nje tunaiweza usiku tukitoka vibaruani, na tuchange vifurushi vya intaneti. Kuhoji tuwaachie waliopo.