Vita vya dakika 38 na mkutano wetu wa dakika 40

Mwenyekiti wetu nshamuomba radhi mara tano, na hii naihesabu ya sita, lakini kisa chenyewe lazima nikitoe maana kila nikipita barazani watu wananiuliza "katibu, biriani vipi?" na wanacheka mpaka wanashika mbavu, basi bora mtu asikie kwangu mwenyewe.

Sisi tuna chama chetu cha wazee na wanaoelekea uzee, tumesoma skuli moja zamani hizo. Kila Jumapili ya mwanzo ya mwezi, Adhuhuri ikishasaliwa, tunakutana Vuga kwa mwenyekiti, tunachangishana elfu kumi kumi, tunakula, halafu anakuja mgeni anatuzungumzia. Daktari, mvuvi, mtu wa karafuu kutoka Wete, bwana mmoja alituchambulia mwani saa nzima mpaka Bi mweka hazina akakoroma. Tusidanganyane, watu wanakuja kwa biriani. Mgeni ni kachumbari, akiwepo vizuri, asipokuwepo watu wanakula vilevile.

2020 ikaingia korona. Skuli zikafungwa, watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko, na mwenyekiti ambaye ana sukari na presha akasema kwangu haingii mtu, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja. Mie kimbelembele changu, na ukatibu wenyewe, nikasema jamani si tufanye kwa video, kila mtu kwake na simu yake, mwanangu keshanionesha ni kubonyeza tu. Wakakubali kwa haraka ya ajabu, nikajiona mtu wa maana. Kumbe walichokuwa wanataka kujadili ni chakula, na hicho kikatula wiki nzima. Mara kila mtu apike kwake, mara ah wengine wake zao hawajui kupika (hapo kimya kikatanda). Mwisho ikapita chakula kipikwe pahala pamoja, kitiwe kwenye makontena, kijana wa vespa azungushe nyumba kwa nyumba mpaka saa saba.

Suala la mgeni tulilimaliza kwa dakika mbili. Tukamuomba Maalim wetu aliyetusomesha historia, keshastaafu zamani, yuko na miaka themanini na ushee lakini kichwa kiko timamu kuliko changu. Mada: vita vya mwaka 1896, vile ambavyo Muingereza aliipiga mizinga kasri ya Unguja na ikawa imekwisha kabla chai haijapoa, dakika 38. Nikaona mada imekuja na kipimo chake, maana ile programu ya bure inakupa dakika 40 tu, zikitimia inakukata bila hata kwaheri. Vita 38, dua 2. Hesabu imekaa. Sikumtia Maalim kwenye hesabu.

Siku ikafika. Saa saba na nusu watu wakaanza kujitokeza mmoja mmoja. Mwenyekiti yuko upande, kalala kama samaki sinia, hajui kugeuza simu. Bi mweka hazina tunamuona kidevu tu. Maalim mjukuu wake alimuegemezea simu kwenye kopo la maziwa, tukawa tunaona kofia ya viua, nzuri kwelikweli, vitundu vyake unavihesabu kimoja kimoja, na juu ya kofia boriti za dari. Uso hakuna. Nikamwambia Maalim shusha simu kidogo, akashusha sauti.

Salamu zikaanza. Na salamu za watu hawajaonana mwezi mzima wa korona si salamu za mchezo, kila mtu lazima amuulize kila mtu hali yake na ya wa nyumbani, na wote kwa pamoja, ukijumlisha na mwengine nyumbani kwake kuku anawika, dakika tisa zikaenda. Dua dakika nne. Mwenyekiti kumkaribisha mgeni dakika tatu, akasahau jina la mada. Maalim akaanza. Akaanza kwa Seyyid Said, Sultani wa Oman, anahama Maskati kuja Unguja.

Moyo ukanipiga. Maana kutoka Seyyid Said mpaka Khalid bin Barghash, yule aliyepigwa mizinga 1896, kuna masultani njiani, na Maalim si mtu wa kuruka sultani.

Akafika kwenye tufani ya 1872, ile iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika, akawa anaieleza kwa raha zake, na mie kontena langu liko mbele linafuka. Nikaona hapa nikila na maiki wazi itakuwa aibu, ngoja nijizime. Kwenye simu sura za watu zinakaa kwenye visanduku, kila kimoja na kialama cha maiki. Nikabonyeza changu, kikawa chekundu, nikatia mkono kwenye wali bismillahi.

Kumbe visanduku vilishajipanga upya wakati mimi natafuta miwani. Nilichokibonyeza ni cha Maalim.

Sasa naomba muone hali ilivyokuwa upande wa wenzangu. Kofia inatikisika, mkono unapita hewani, sauti hakuna. Badala yake wanamsikia katibu anavunja mfupa wa mbuzi, anafyonza uboho, anacheua. Na ingekuwa kula tu ningesalimika. Mke wangu akapita akauliza vipi biriani, nami nikamjibu kwa moyo mkunjufu, wallahi leo ndo biriani, si ile ya kwa mwenyekiti mwezi uliopita, mchele kama changarawe, nilikula kwa kumuonea haya mkewe tu. Mke wangu akasema shh. Nikamwambia wasiwasi wako, nimezima. Nikaongeza na hili: "Na huyu Maalim vita ataanza lini, Muingereza mwenyewe ashachoka kungoja bandarini."

Nikatazama simu nikaona watu wote wananipungia mikono. Nikafurahi! Nikawapungia na mie, na paja la mbuzi mkononi. Mwenyekiti yule yuko upande alikuwa anafungua mdomo na kuufunga kama samaki katolewa majini, nikadhani simu yake imeganda. Simu zikaanza kuingia, nikazikata zote, nikasema watu gani hawa hawana adabu, wanapiga katikati ya mkutano.

Kilichoniokoa hakikutoka mtandaoni. Mlango ukagongwa, kitoto cha jirani, pumzi juu, kimetumwa na bibi yake ambaye naye ni mwanachama, kinasema "bibi kasema uache kutafuna na umwashe Maalim."

Tonge likaniganda kooni. Nikajizima haraka, ila Maalim sasa ndo kazi, maana programu ile mwenye mkutano anaweza kumzima mtu lakini hawezi kumwasha, anampelekea ombi tu, mwenyewe ndo abonyeze kukubali. Maalim ombi halioni, anaendelea na Sultani Barghash. Mjukuu keshatoka kucheza mpira. Ikabidi mtu ampigie jirani yake Maalim, jirani akamfuate mjukuu kiwanjani, mjukuu akaja anatweta, tukaona kidole kikubwa kinafunika skrini nzima, sauti ikarudi: "...naye akafariki 1888."

Barghash mzima tumempoteza. Mabomba ya maji, Beit al-Ajaib, vyote vimeliwa na mfupa wangu wa mbuzi, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia Maalim arudie.

Mie jicho kwenye saa. Dakika ya 34 Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki, tarehe 25 Agosti 1896. Dakika ya 36 Khalid kaingia kasri na watu wake. Dakika ya 38, angalia bahati, Maalim anazitaja manowari za Muingereza moja moja kwa majina, tano, hakubali kuacha hata moja. Halafu akavuta pumzi, kofia ikainama mbele kwa mara ya kwanza tukaona na macho yake, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa anatutishia nayo darasani: "Saa tatu na dakika mbili za asubuhi, mzinga wa kwanza—"

Ikakata.

Nikatuma kiungo kipya haraka haraka. Wakarudi watu watatu, nao wamekuja kumuuliza mwenyekiti kama ameisikia ile ya changarawe. Alikuwa kaisikia. Na mkewe alikuwa kakaa pembeni yake. Maalim hakurudi, simu haipokei.

Nikatoka mbio na kontena la akiba, nikachukua njia ya mkato mpaka kwake, huko njiani napanga maneno ya kumtaka radhi mzee wa watu. Nimefika, nasikia sauti kutoka ndani. Nachungulia, Maalim yuko palepale mbele ya kopo la maziwa, simu imezima hata taa haina, na yeye anasomesha. Meli ya Sultani, Glasgow, keshaizamisha, milingoti imebaki juu ya maji. Kasri imeshaungua. Khalid keshakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, bahari imejaa mpaka mlangoni, mashua imekuja kumchukua apelekwe Dar es Salaam bila mguu wake kukanyaga ardhi ya Unguja. Nikakaa chini kwenye mkeka pale pale mlangoni, viatu mkononi, sikuthubutu kukohoa. Akamkamatisha 1916, akampeleka Ushelisheli na Saint Helena, akamrudisha Mombasa akamzika 1927. Akafuta kijasho.

"Suali?" akaiuliza simu.

Kimya. Akangoja. Akageuka akaniona mie na kontena.

"Wewe," akasema, "siku zote ulikuwa unakula darasani."