Baba Mkwe Hayupo

Nundu iliyo kwenye paji la uso wangu ina wiki mbili sasa. Wanaojua ilikotoka ni mke wangu, baba yake, na ukuta wa sebuleni.

Nilitaka kuota huku najua kwamba naota. Msinicheke, jambo hilo lipo. Mholanzi Frederik van Eeden aliandika juu yake mwaka 1913, na mwaka 1975 huko Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimlaza Alan Worsley maabara, na yule bwana, akiwa katikati ya ndoto, akatoa ishara kwa kupeleka macho kushoto na kulia kama walivyopatana. Ukiota mwili hufungwa breki, lakini macho huachiwa. Niliposoma hayo wivu ulinishika. Wenzangu wanapaa usingizini kwa hiari yao, mimi kila siku naota nafanya mtihani wa hesabu bila suruali.

Nikaanza na daftari la ndoto. Unaandika mara tu ukizinduka, kabla haijayeyuka. Asubuhi nikifungua nakuta: "Bosi. Ngazi. Bata. MUHIMU SANA!"

Kisha kuna kujipima mchana, ili mazoea yakufuate usiku. Unasoma saa, unageuza macho, unaisoma tena. Ndotoni tarakimu huwa hazitulii. Au unabana pua, unafunga mdomo, unavuta pumzi, ikipita, unaota. Nikawa nabana pua kutwa nzima, hata kikaoni, mpaka mwenzangu wa kiti cha pili akanivuta pembeni kuniuliza kama ni yeye.

Wiki tatu, patupu. Ndipo nikahamia kwenye dawa kali: unalala saa tano, unaamshwa na kengele, unakaa macho nusu saa hivi, halafu unarudi kulala. (Ni saa tano za usingizi, si saa tano usiku. Mara ya kwanza nilipanda kitandani saa tano kamili, nikaamka kumekucha, nikailaumu sayansi.) Sababu yake ni kwamba ndoto nyingi huja kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo zinavyorefuka. Unaporudi kulala unajiambia, kwa mtindo wa Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford: nikiota, nitakumbuka kwamba naota.

Usiku wenyewe tulikuwa na mgeni, baba mkwe. Hilo halikunihusu. Kwa nini linihusu? Mimi nalala chumbani kwangu.

Kengele ikalia, nikakaa macho, nikajiimbia wimbo wangu, nikalala. Nikashtuka. Saa ya mezani: 05:12. Nikatazama dari, nikaisoma tena: 00:00, inawakawaka.

Moyo ukaruka. (Umeme ulikuwa umekatika na kurudi papo hapo. Hilo nimelijua baadaye.) Nikabana pua, nikavuta. Pumzi tele! (Mdomo ulikuwa wazi, kwa furaha. Hilo pia nimelijua baadaye.)

Wajuzi husema ukishajitambua usipaparike, utaamka. Sugua viganja ili ndoto itulie. Nikatoka sebuleni nasugua viganja. Nikamkuta baba mkwe kiti cha pembeni, kimya, taa inawaka. Nikastaajabia ufundi wa ubongo wangu: hata kipara amekiweka mahali pake.

Sikumwamkia. Nani anaamkia picha? Nilimzunguka mara mbili kumkagua, kisha nikamchezeshea macho kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa heshima ya Worsley. Mzee akageuka kutazama kuna nini kushoto.

"Wewe hupo," nikamwambia.

"Sipo wapi?"

"Hupo kabisa. Nimekuumba mimi, sasa hivi. Na ile hadithi yako ya kuacha sigara, nimeisikia mara arobaini. Nimechoka."

Akafungua mdomo, neno halikutoka.

"Sasa nitazame," nikasema. "Napita ukutani."

Ukuta wa ndotoni, wanasema, hupitika ukiuendea kwa imani. Ukisita, unakuwa mgumu. Katika maelekezo yote niliyosoma, hilo ndilo nililolifuata barabara. Sikusita hata kidogo. Nilianzia mlangoni, mbio.

Nilipofumbua macho nilikuwa chali sakafuni. Nikabana pua tena, safari hii mdomo nimeufunga. Pumzi haikupita. Nikabana zaidi. Haikupita.

"Shikamoo, baba," nikasema kutoka kule chini.

"Marahaba," akajibu, polepole, kama mtu anayejibu simu ya namba asiyoijua.

Mke wangu akatokea mbio. "Baba, kuna nini?"

"Muulize mumeo. Mimi sipo."

Akaondoka mchana wake, siku mbili kabla ya tuliyopanga. Wiki mbili simu kimya. Jana usiku ikaita, mke wangu akapokea, akasikiliza kwa muda, kisha akanigeukia huku amejifunika mdomo kwa kanga.

"Baba anauliza: leo yupo?"