Amplifaya yako ya kwanza ianzie kwa fundi wa kusuka mota

Wapiga gitaa wanaonijia hapa Kampala wakitaka kujenga amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo za kukuza mlio, huanza kwa kunionyesha simu. Kwenye simu kuna picha ya sanduku la vipuri kutoka Marekani: valvu, transfoma, rezista, waya, kila kitu kimo. Wananiuliza kama linafaa kuagizwa. Jibu langu ni lile lile: liache kwanza, twende Katwe, mtaa wa mafundi hapa mjini.

Kitu kizito katika sanduku hilo ni chuma cha transfoma, na mzigo wa ndege hulipiwa kwa kilo. Tena transfoma nyingi za sanduku la namna hiyo zimesukwa kwa umeme wa Marekani, volti 120 na hezi 60, ilhali ukutani kwetu kuna volti 240 na hezi 50. Utalipia uzito, halafu utafute transfoma nyingine ya kushusha umeme. Valvu zenyewe ni nyepesi, mbili zinaingia mfuko wa shati, na bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Agiza hizo. Chuma kisukwe hapa.

Mchoro ninaompa anayeanza ni wa Fender Champ, amplifaya ndogo ya kampuni ya Fender ya Marekani, ule wa miaka ya 1950 unaoitwa 5F1. Sijaona mwalimu bora kuliko huo. Una valvu ndogo ya 12AX7, ambayo ndani yake ni valvu mbili katika chupa moja, na valvu ya nguvu ya 6V6. Mlio wa gitaa unakuzwa kwa hatua mbili katika ile ndogo, kisha 6V6 inausukuma hadi kwenye spika. Wati 5 tu. Watu hudharau wati 5 mpaka wazisikie chumbani. Anayeanza na amplifaya ya wati 50 anajitafutia volti kubwa zaidi, vipuri vingi zaidi na makosa ambayo hataweza kuyafuatilia. Hata ile valvu ya tatu ya mchoro wa zamani, inayogeuza umeme kuwa wa upande mmoja, mimi naiacha na kuweka diodi nne za 1N4007. Hizo hazikosekani kwa fundi redio yeyote.

Transfoma zinazohitajika ni mbili. Ya kwanza inapokea umeme wa ukutani na kutoa volti 230 kwenye waya uliosukwa kando, usiogusana na ule wa ukutani, pamoja na volti 6.3 za kupasha valvu moto. Usikubali kamwe ushauri wa kuunganisha saketi moja kwa moja na ukuta eti kwa sababu volti zinakaribiana. Transfoma ndiyo inayokutenga na nguzo ya mtaani.

Ya pili, ya kupeleka mlio kwenye spika, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilimpelekea mzee mmoja wa Kinubi, mzaliwa wa Bombo, anayesuka mota za pampu na transfoma za stebilaiza. Nilimpa hesabu: mizunguko 2500 upande wa valvu, 100 upande wa spika. Uwiano ni 25 kwa 1, na 25 mara 25 mara omu 8 za spika ni omu 5000, mzigo ambao 6V6 inaubeba vizuri. Alisuka kwa waya mwembamba kama uzi, kazi safi kabisa. Nikaiunganisha. Sauti ikatoka, lakini besi haikuwepo, na nilipoongeza kidogo mlio ukasongwa.

Vibati vya chuma vya transfoma vina umbo la herufi E na I. Katika transfoma ya kawaida hupishanishwa, E hii huku, inayofuata kule, ili chuma kifungane. Lakini 6V6 moja ikifanya kazi peke yake inapitisha umeme wa upande mmoja muda wote, kama miliampea 45, na chuma kilichofungana kinajaa sumaku kabla mlio haujafika. E zote zinatakiwa zikae upande mmoja, I zote upande wa pili, na katikati karatasi iwape pengo. Mimi sikumwambia hilo. Niliporudi nikaanza kumweleza, akanikatiza.

“Kumbe ni kama choki ya taa za tyubu,” akasema. “Mwanangu, ungesema tangu mwanzo.”

Akafungua vibati nikiwa nimesimama pale, akakata karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akafunga upya. Besi ikarudi. Ujuzi wa pengo alikuwa nao kichwani miaka yote, sisi wapiga gitaa ndio hatukuwa tumekwenda kumuuliza. Hili linaniuma kuliko bei ya sanduku lolote.

Sasa la hatari, na hapa naomba usisome haraka. Baada ya zile diodi kuna volti zinazopita 300, na zinaua. Kapasita, vipuri vinavyoweka akiba ya umeme, zinabaki nao hata ukichomoa plagi, kwa hiyo unganisha rezista ya kilo-omu 220, wati 2, kati ya ncha mbili za kapasita kubwa. Zima, subiri dakika nzima, kisha pima kwa mita kabla kidole hakijaingia. Ukilazimika kupima umeme ukiwaka, mkono mmoja ukae mfukoni. Mara ya kwanza kuwasha, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60, ile ya uzi unaowaka na si LED, iliyounganishwa mfululizo na amplifaya: ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti, chomoa. Usiwashe kamwe bila spika, maana volti zitaruka ndani ya ile transfoma ya mzee na kuitoboa. Na kabla ya yote, mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba. Nimefungua soketi ambazo tundu la tatu halijaunganishwa na kitu. Nyumba isiyo na ethi usijengee amplifaya ndani yake.

Mengine ni subira. Nyaya za volti 6.3 zisokote pamoja na uzilaze mbali na waya wa kuingizia gitaa, la sivyo utasikia mvumo kutwa. Fremu yangu ilikunjwa Katwe kwa bati la alumini, matundu ya valvu yakakatwa mbele yangu.

Mchoro wa transfoma sasa umebandikwa ukutani kwa mzee, juu ya mashine yake: 2500, 100, karatasi katikati. Wiki iliyopita amesuka ya nne.